Kabla ya mita kuwashwa, nyutro ipimwe

Umeme ukifika kijijini, kinachohesabiwa kwanza ni nyumba zilizowaka. Kwa Tanzania Bara hesabu hiyo ni ya kujivunia, na sina nia ya kuipunguzia hadhi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, umeshirikiana na TANESCO kupeleka nguzo katika vijiji vyote, zaidi ya 12,000, na sasa kazi imeshuka vitongojini. Huku Kyela, katika kata ya Bujonde na majirani zake wa bonde la mpunga linaloteremka hadi Ziwa Nyasa, vinyozi wananyoa kwa mashine, maduka yana friji za soda, na mpunga unakobolewa karibu na shamba ulikovunwa. Hata hivyo, balbu kuwaka ni ushahidi mdogo sana. Inathibitisha tu kwamba kwa saa ile umeme umepata njia ya kwenda na ya kurudi. Haisemi lolote kuhusu uimara wa hiyo njia ya kurudi, wala kama volti zilizomo ndani ya nyumba zina mahali pa kusimamia. Ndiyo maana nasema nyumba isihesabiwe kuwa imeunganishwa, na mita isiwashwe, mpaka nyutro yake, yaani waya wa kurudi, na ethi yake, yaani waya wa kwenda ardhini, zimepimwa kwa kipimo, namba zikaandikwa, na karatasi ikabaki mikononi mwa mwenye nyumba. Na laini yenyewe ipimwe tena kila masika yanapokwisha.

Tumezoea kusema soketi ina volti 230, kana kwamba volti ni kitu kinachokaa ndani ya waya. Volti ni tofauti kati ya pointi mbili, na ukitaja pointi moja peke yake hujasema kitu. Mtu aliyesimama ufukweni Matema akiitazama milima ya Livingstone ataona kimo fulani. Mchora ramani anayepima kutoka usawa wa bahari atataja kimo kikubwa zaidi kwa mita 475 hivi, kwa sababu uso wa ziwa lenyewe uko juu kiasi hicho. Mlima haujasogea, kilichobadilika ni mahali pa kuanzia kupima. Katika nyumba yenye umeme, nyutro ndiyo mahali pa kuanzia kupima. Tunaiita sifuri, lakini haikuzaliwa sifuri. Ni sifuri kwa sababu kule kwenye transfoma mtu aliifunga kwenye ardhi kwa waya na chuma kilichochimbiwa chini. Pia ni sifuri kwa sababu kutoka transfoma hadi kwenye soketi ya chumbani hakuna pengo wala kiungo kilicholegea. Vunja sharti moja kati ya hayo mawili, na ile 230 iliyochapwa mgongoni mwa televisheni yako inakuwa ahadi isiyo na mdhamini.

Inafaa kuutazama mpango wenyewe kwa karibu. Laini kubwa ipitayo barabarani hubeba kilovolti 33, au 11 kwa baadhi ya maeneo. Transfoma ya kijiji inazishusha na kutoa nyaya nne: fezi tatu na nyutro moja. Kati ya fezi yoyote na nyutro kuna volti 230, na kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 400. Nyutro inatoka pale ncha za koili tatu za transfoma zinapokutana, na pointi hiyo ndiyo inayofungwa ardhini. Nyumba za kawaida hugawiwa fezi moja moja: huyu amepata ya kwanza, jirani ya pili, yule wa ng'ambo ya njia ya tatu. Wote wanarudishia umeme wao kwenye nyutro ileile. Kwa kuwa fezi tatu hazifiki kileleni kwa wakati mmoja, mikondo yao ikikutana kwenye nyutro inafutana kwa sehemu kubwa, na mizigo ikilingana kabisa nyutro haibebi kitu. Hivyo kazi ambayo ingehitaji nyaya sita inafanywa na nne. Wazo la kuchangia waya wa kurudia ni la zamani. John Hopkinson wa Uingereza na Thomas Edison wa Marekani walilifikia kila mmoja kwa njia yake mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakitumia umeme wa mkondo mnyoofu, na nia yao ilikuwa kubana matumizi ya shaba. Ubanaji huo umetufaa sana. Umetuachia pia sharti moja ambalo wengi wetu hatukuelezwa wakati nguzo zinasimikwa: waya mmoja ukikatika, waathirika ni majirani wote waliouchangia.

Chukua nyumba mbili zilizo kwenye nguzo moja, kila moja na fezi yake. Nyumba ya kwanza jioni hiyo ina televisheni na taa chache, jumla wati 100. Ya pili kuna mtu anapiga pasi ya wati 1,000. Nyutro ikiwa nzima, hakuna anayemhusu mwenzake, kila nyumba inapata 230 zake. Sasa nyutro inakatika nguzoni, kabla ya nyumba hizo mbili. Fezi zote mbili bado zipo. Umeme unaotoka kwenye fezi ya kwanza unapita kwenye televisheni, unatafuta njia ya kurudi transfoma na hauioni, unaingia kwa jirani kupitia kipande cha nyutro wanachochangia, unapita kwenye pasi, na kurudi kwa fezi ya pili. Nyumba mbili zimegeuka kuwa vifaa viwili vilivyopangwa mstari mmoja kati ya volti 400. Mgawanyo wake si wa nusu kwa nusu. Mwenye mzigo mdogo ndiye anayebeba volti nyingi. Kwa mizigo niliyoitaja, televisheni na taa zinapata volti kama 364, na pasi inabaki na 36. Mwenye pasi analalamika kwamba umeme hauna nguvu. Mwenye televisheni anasikia mlio na kunusa moshi. Ndani ya televisheni, na ndani ya chaja nyingi, kuna kapasita ambayo mara nyingi imetengenezwa kuhimili volti 400 za mkondo mnyoofu. Kwa umeme wa 230 hujaa hadi volti 325 hivi na kustarehe. Kwa umeme wa 364 inalazimishwa kupita volti 500, na hapo inapasuka. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeunganisha vibaya nyumbani kwake, na transfoma haikuzalisha volti hata moja ya ziada.

Tukio la namna hii likitokea, kijiji husema umeme umekuja mwingi. Kauli hiyo inaeleweka lakini inaelekeza lawama mahali pasipo na kosa, na inamfanya fundi aende kutafuta tatizo kwenye mita au kwenye transfoma. Dalili ya nyutro iliyokatika au kulegea ni kwamba nyumba moja inang'aa kupita kiasi wakati huohuo nyingine inafifia, na mambo yanageuka mtu mmoja akiwasha au kuzima kitu kizito. Radi haifanyi hivyo, inapiga mara moja na kuondoka. Transfoma iliyozidiwa mzigo nayo haifanyi hivyo, inafifisha wote walio kwenye fezi iliyolemewa. Sisemi kwamba kila friji iliyoungua ukanda wa ziwa iliuawa na nyutro. Radi za huku si za mchezo. Nasema dalili zipo, zinasomeka, na hatujawafundisha watu kuzisoma. Kuna jambo jingine linalopoteza watu. Mashine ya kukobolea mpunga yenye mota ya fezi tatu haihitaji nyutro hata kidogo ili izunguke, kwa sababu nyaya zake tatu zinarudishiana mikondo zenyewe kwa zenyewe. Nyutro ya laini ikikatika saa nane mchana, mashine inaendelea kukoboa bila kukosa pumzi, na kijiji kizima kinashuhudia kwamba umeme upo na uko sawa. Ushahidi huo ni wa kweli kwa mota na ni wa uongo kwa kila nyumba iliyo jirani.

Hata kifaa tunachokiamini zaidi hakitusaidii hapa. Fundi anapofika, huchomoa mfukoni bisibisi ya testa, anaitumbukiza kwenye tundu la kulia la soketi, kitaa kinawaka, anasema moto upo. Testa ile inawashwa na mkondo mdogo mno unaopita mwilini mwa fundi kwenda ardhini. Inamwambia tu kwamba pointi ile iko juu ya ardhi alipokanyaga. Haipimi nyutro, na haiwezi. Nyutro ikiwa imekatika ndani ya nyumba na kuna kifaa kimeachwa kimewashwa, testa itawaka hata kwenye tundu la kushoto, ambalo ndilo la nyutro, na hapo utasikia ikisemwa kwamba waya zote mbili zina moto. Kinachohitajika ni mita ya kupimia, chombo kinachotosha kiganjani, na mzigo wa kweli kama pasi au hita ukiwa umewashwa. Pima laivu, yaani waya wa fezi, na nyutro: upate karibu na 230, na isiporomoke pasi inapowashwa. Pima nyutro na ethi: upate volti chache tu. Zikifika makumi, kuna kiungo kimelegea mahali au laini imepoteza msimamo wake. Kazi hii haimalizi dakika kumi. Ndiyo maana nashindwa kukubali kwamba nyumba inaweza kukabidhiwa bila hizo namba.

Kwa nini niseme haya kwa Kyela na si kwa nchi kwa jumla? Kwa sababu bonde hili linaichosha laini ya umeme kwa namna yake. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashusha maji na tope kutoka milimani, na masika ya Machi hadi Mei ni mazito kuliko sehemu nyingi za nchi. Nguzo iliyosimikwa kwenye mashapo laini ikilowa inaegama, na inapoegama waya unavutwa. Unyevu wa mwaka mzima unashambulia viungo. Nyaya za nguzoni kwa kawaida ni za aluminiamu na za ndani ya nyumba ni za shaba. Metali hizo mbili zikisokotwa pamoja kwa koleo bila kiunganishi chake maalumu, palipo na maji panakula kutu, kiungo kinapata joto, kinalegea, kinakula tena. Laivu ikilegea namna hiyo mwenye nyumba anajua siku hiyohiyo, kwa sababu taa zinazima na fundi anaitwa. Nyutro inayochangiwa ikilegea, taa zinaendelea kuwaka, zikicheza kidogo jioni, na kila mtu anadhani ndiyo tabia ya umeme wa kijijini. Ongeza hapo wizi wa waya wa shaba wa ethi kwenye nguzo na transfoma, unaoishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Mwizi anauza kipande kidogo cha shaba. Alichokiondoa ni sifuri ya kijiji.

Watakuwepo wa kuniambia kwamba nyutro haina madhara, kwamba mtu akiishika hapigwi shoti. Wanasema kweli, kwa siku ambazo kila kitu ni kizima. Nyutro nzima hukaa volti chache tu kutoka ardhini, hivyo haimsukumi mtu. Lakini usalama huo haumo ndani ya waya, umo kwenye kufungwa kwake. Nyutro ikikatika, kipande kilichobaki upande wa nyumba kinapanda hadi kufikia volti za fezi kupitia kifaa chochote kilichowashwa. Balbu ya kizamani ya wati 60 inaruhusu mkondo wa robo ampea hivi kupita. Breka za kulinda maisha ya watu zimewekewa kikomo cha milliampea 30, ambayo ni sehemu ya thelathini na tatu hivi ya ampea moja. Balbu moja peke yake basi inaweza kupitisha mara nane ya kikomo hicho. Anayeamini kwamba waya wa bluu, au mweusi katika nyumba za zamani, ni wa kushikwa tu, siku moja atakishika kipande ambacho kimekuwa laivu bila kubadilisha rangi. Kwa sababu hiyohiyo ni kosa kubwa kuweka swichi au fyuzi kwenye nyutro peke yake. Taa inazima, mtu anapanda stuli kubadilisha balbu, na holda bado ina 230.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na linasikika hasa sehemu zenye maji kama Bujonde: tuna ethi yetu, fito limechimbiwa nje ya nyumba, na udongo wetu umelowa, unapitisha umeme vizuri, hivyo hata nyutro ikisumbua ardhi itatuokoa. Wapo mafundi wanaokwenda mbali zaidi, nyutro ikikatika wanahamishia waya wake kwenye ethi na taa zinawaka tena. Hesabu inawakataa. Tuseme fito la nyumba lina upinzani wa omu 100 dhidi ya ardhi, jambo la kawaida kwa fito moja kwenye udongo uliokauka. Laivu ikigusa mwili wa friji, mkondo utakaopita ni 230 kwa 100, yaani ampea 2.3. Breka ya ampea 20 au 32 haitajua kwamba kuna hitilafu. Itaendelea kupitisha umeme usiku kucha, na friji itasubiri mkono wa mtoto. Sasa tuupe udongo wa Kyela sifa yake yote, tushushe upinzani hadi omu 20. Mkondo unakuwa ampea 11.5, na breka ya 20 bado haikati. Unyevu umepunguza upinzani wa fito, lakini umepunguza pia upinzani wa nyayo za mtu anayetembea peku uani baada ya mvua. Ardhi iliyolowa inausaidia umeme kupita mwilini mwa mtu kuliko inavyoisaidia breka kukata. Nao wanaoifanya ethi kuwa nyutro wanaufanya mwili wa kila kifaa chenye pini tatu, na pengine bati la paa na waya wa kuanikia nguo uliofungwa humo, kuwa sehemu ya njia ya kurudi. Waya wa ethi, wa njano na kijani, upo kwa ajili ya siku ya hitilafu tu. Siku nyingine zote usibebe kitu.

Ipo dawa ya upande wa nyumba, nayo ni ile breka yenye kitufe cha kujaribia ambayo mafundi huiita RCCB. Ufanyaji kazi wake unaeleza mada hii kuliko maneno yangu. Inalinganisha mkondo unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Mikondo hiyo ikipishana kwa milliampea 30 inajua kuna umeme unaotorokea ardhini, pengine kupitia mtu, na inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa nyumba yenye fito la ethi la kawaida hiki ndicho kifaa kinachoweza kukata umeme kwa wakati, na breka za kawaida haziwezi kuchukua nafasi yake. Nayo huondolewa kwenye nyumba nyingi kwa maelezo kwamba inasumbua, inakata kila mara. Mara nyingi inakata kwa sababu ndani ya nyumba nyutro imeguswa na ethi mahali fulani, kwenye soketi iliyofungwa haraka au kwenye kisanduku cha viungo kilichoingia maji. Inasema ukweli kuhusu kazi mbovu, na anayefukuzwa ni msema kweli. Lakini nisiiongezee sifa isiyo yake. RCCB haiwezi kutibu nyutro iliyokatika nguzoni. Vivyo hivyo kile kifaa cha kulinda friji kinachokata umeme ukizidi: kinaokoa friji iliyochomekwa humo na kuiacha nyumba nzima na majirani wote kama walivyokuwa. Ni vizuri kuwa nacho, mimi sikikatazi. Kinachonisumbua ni kuona familia zinauziwa vifaa vya kujikinga na kosa ambalo lingefaa kuondolewa palipozaliwa, juu ya nguzo, kwa kiunganishi sahihi na spana.

Gharama ndilo pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Serikali iliweka ada ya kuunganishwa vijijini kuwa shilingi 27,000 ili mkulima wa mpunga na kokoa asiachwe gizani, na ikaleta kisanduku cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kwa nyumba ndogo zisizomudu kutandaza nyaya kila chumba. Sera hiyo ni ya haki. Mtu akisema kwamba kuongeza vipimo na RCCB kutapandisha gharama na kuwarudisha watu kwenye koroboi, hasemi upuuzi. Ninachomjibu ni kwamba gharama tayari ipo, ila imewekwa mahali ambapo haihesabiwi. Friji ya duka ikiungua, inalipwa na mwenye duka. Televisheni ya kibanda cha mpira ikiungua, kijana aliyekopa ndiye anayelipa. Hakuna kitabu cha mradi kinachoandika hasara hizo, kwa hiyo mradi unaonekana wa bei nafuu. Kipimo cha nyutro hakihitaji kifaa kipya wala safari mpya, kwani fundi wa kufunga mita tayari yuko pale na mita ya kupimia anayo. RCCB nayo, ikinunuliwa kwa maelfu ndani ya mkataba wa mradi badala ya mojamoja dukani, ingeshuka bei, na mahali pake pa kuanzia ni ndani ya UMETA yenyewe na kila nyumba mpya inayopokea umeme kwa ruzuku. Ruzuku inayoishia kwenye mita na kukataa kugusa usalama wa upande wa pili wa mita imefanya nusu ya kazi.

Wengine watasema haya ni mambo ya mafundi, gazeti liwaachie mafundi. Ningekubali kama nyumba zingefungwa na mafundi wenye leseni peke yao. Kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, ufungaji wa umeme majumbani unahitaji leseni inayotolewa na EWURA, na vyuo vya VETA vinatoa vijana waliofundishwa kazi hii. Lakini kila mtu anajua kwamba vishoka wapo, wanachukua kazi kwa bei ya chini, na karatasi ya fundi mwenye leseni inaweza kugongwa muhuri kwa nyumba asiyoikanyaga. Fomu yenye namba za vipimo inapunguza mchezo huo. Muhuri hauna kumbukumbu, bali volti kati ya nyutro na ethi iliyoandikwa siku ya makabidhiano inaweza kupimwa tena wiki ijayo na mtu mwingine. Tena mwenye nyumba anayeelewa kwamba nyutro ni nanga ya umeme wake hatadanganywa kirahisi na anayetaka kuing'oa RCCB. Na mwenyekiti wa kitongoji anayejua dalili zake atatoa taarifa iliyonyooka: haitakuwa tena kwamba umeme unasumbua, bali kwamba kuanzia nguzo fulani nyumba hizi zinang'aa na hizi zinafifia. Taarifa ya namna hiyo inampeleka fundi wa TANESCO moja kwa moja kwenye kiungo kilicholegea, badala ya kuzungukia mita za watu siku nzima.

Kwa upande wa laini, mambo ya kudai hayana ugumu. Nyutro ifungwe ardhini pale transfoma na irudiwe kufungwa kwenye nguzo za mbele, hasa mwisho wa laini, ili ikikatika mahali pamoja isiachwe ikielea. Viungo vya aluminiamu na shaba vitumie viunganishi vyake. Fezi zigawiwe kwa uwiano: nyumba kumi zote zisitundikwe kwenye fezi moja kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa karibu na ngazi, maana laini isiyo na uwiano inaichosha nyutro kila jioni. Na katika kata za bondeni, ukaguzi ufuate kalenda ya mvua, mwezi Juni maji yanapopungua, nguzo zilizoegama zikiwa bado zinaonekana. Madiwani wa Kyela wanaweza kuomba ratiba ya ukaguzi huo katika vikao vyao, kama wanavyoomba ratiba ya kuchonga barabara. Nchi iliyojenga bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, haiwezi kukosa uwezo wa kukaza nati ya nyutro Bujonde.

Wakati tunayasubiri hayo, msomaji, kuna la kufanya leo. Ukiona taa zako zimeng'aa isivyo kawaida huku za jirani zinafifia, au zako zinapanda na kushuka kila mtu akiwasha pasi, usiguse waya wowote na usimruhusu mtu kupanda nguzo. Zima swichi kuu ya nyumba yako hapo hapo, kisha wakimbilie majirani mnaochangia nguzo nao wazime zao, hata kama kwao taa zinawaka vizuri. Ndipo mpige simu TANESCO, mtaje namba ya nguzo, na mwaambie mnashuku nyutro.